Mkanda wa Kumi na Saba

Nakala ilikuwa moja, mahema mawili.
Peddapalem walianza magharibi,
sisi tulianza walipomaliza mkanda wa tatu,
na katikati, maili tatu za mfereji na tope,
alikuwapo mjomba wangu Polayya na baiskeli yake,
makopo ya bati yakigongana kwenye keria
kama sufuria za mtu anayehama.

Sura yake sikuijua. Nilijua mlio.
Nilikuwa na miaka saba; ugomvi
ulinizidi umri kwa miaka miwili.

Kisa kilikuwa mkufu. Mkufu wa bibi,
sarafu hamsini na mbili za dhahabu,
alizoziweka rehani mwaka wa ukame
anunue mafahali.
Zikapita Sankranti tisa
bila sari kutoka kwa umbu wake,
na kila mwaka mama yangu, Ademma,
alijinunulia mwenyewe,
akaifunga kwa karatasi, akaiweka mlangoni,
kisha akaifungua
kana kwamba imeletwa.

Usiku ule turubai lilijaa pomoni.
Wanawake kushoto, wanaume kulia, kamba katikati,
chini mchanga wa mtoni wenye vipande vya kombe.
Kwenye kitambaa, kaka na dada wanagawana nyumba:
fundi anapandisha ukuta katikati ya ua,
unapita juu ya jiwe la kusagia,
unapita palipoota kivumbasi cha ibada.
Wanawake walilia kwa sauti, bila haya.
Mama alimenya karanga.
Alikwisha kuiona Tenali, alisema. Mwisho anaujua.

Ukuta ukafika kifuani. Taa ikawaka.
Mkanda wa kumi na saba haujafika.

Tukangoja. Mvua ikaanza kupapasa turubai,
halafu ikalipiga. Wavulana wakapiga miluzi.
Basavayya, mwenye hema, akatoka na mwavuli,
akarudi na mwavuli.
Kisha mlio: kopo moja tu, polepole,
na mjomba akaingia, tope hadi kiunoni,
akafungua kifuniko mbele ya watu wote
akamwaga maji ya mfereji.

"Pesa zetu!"

Akapanda kwenye benchi.
"Nimeiona mara arobaini na moja," alisema.
"Kaeni. Nitawaambia."

Mashine tupu ikammulika,
kivuli chake juu ya kitambaa kikamzidi mara tatu.
Akawa wakili, akakohoa kama wakili.
Akawa mke mwenye choyo, akafunga stoo,
akaficha ufunguo kwenye kifundo cha nywele asizokuwa nazo.
Watu wakacheka, kisha wakasahau kucheka.

"Halafu kaka," akasema, "anakwenda mlangoni kwa dada.
Hana kitu mkononi. Anasema..."
Akakwama.
Maji yalimchuruzika kwenye viwiko.
Akatazama upande wetu wa kamba.
"Anasema: mafahali walikufa.
Wote wawili, wiki moja. Niliona aibu kukuambia."

Hakuna mafahali katika filamu ile.
Nimeiona ukubwani, mara mbili.
Dada ndiye anayepiga magoti,
kaka anamwinua, wimbo unaanza,
ukuta unabomolewa kwa nyundo tatu.

Mama aliacha kumenya.
Nilikuwa nimemlalia, nikasikia pumzi yake
ikienda mahali, isirudi upesi.
Akakung'uta maganda,
akafunga karanga zilizobaki kwenye pindo la sari,
akainama kupita chini ya kamba,
mbele ya wanaume, wakwe na wenye madeni,
akasimama chini ya benchi.

"Umekula?"

Mtu mmoja nyuma alipiga makofi.
Alidhani ndivyo inavyokwisha.

Mjomba alikula kwetu sahani tatu za wali
na achari ya ukwaju, hakuna aliyesema neno,
wala mkufu haukutajwa, wala haukurudi.
Baiskeli ililala kwenye mvua.
Lile kopo mama alilisugua kwa majivu.
Mpaka leo anatilia dengu.