Ankara ya Yasiyotokea

Mhasibu wa kiwanda cha barafu, Igogo, ananiuliza:
Nikuandikie malipo ya nini?
Mwaka mzima hakijaharibika kitu.

Ndiyo hiyo, mama Nyanjige. Ndiyo kazi yenyewe.
Hakijaharibika.
Andika hivyo.

Anacheka, anagonga kalamu mezani.
Nyuma yake mashine inatema vipande
vinavyokwenda kulala na sangara kwenye matenga.
Barafu ina kilo, anajua kuikatia risiti.
Yangu haina kilo.

Nimeiunda chumbani, Mabatini, juu ya mwamba,
ambako maji hupandishwa kwa ndoo
na intaneti hupanda yenyewe, ikipenda.
Sampuli nazitunza kwenye kopo la maziwa ya unga:
flashi thelathini na moja, kila moja na gonjwa lake.
Ile nyekundu ilitoka steshenari ya Nyegezi,
ilimeza tasnifu ya mtu, kurasa mia na nane.
Ile iliyofungwa uzi ni ya Ukerewe, ofisi ya kata;
ilivuka na feri mfukoni mwa karani
asijue amebeba nini.

Virusi nawajua kwa sahihi zao,
elfu mbili mia tatu kumi na sita,
kama mchungaji wa Magu ajuavyo chapa
za ng'ombe wasio wake.

Sahihi yangu mimi ndiyo haijulikani.
Nilipotoa toleo la tatu, kompyuta za watu zikapiga yowe:
Programu hii ni hatari. Ifute.
Mlinzi kakamatwa, mwizi anatoa ushahidi.
Ili niaminiwe ninunue cheti, kila mwaka, kwa dola,
na dola haikai Mabatini,
hupita tu.

Benki, afisa mikopo alikuwa kijana mpole, Lugwisha.
Dhamana yako?
Mistari elfu arobaini ya msimbo, nikasema.
Akaandika. Akasita.
Akauliza hati yake imetolewa na halmashauri ipi.

Kisha akaja bwana wa tai kwa ndege ya asubuhi,
akaagiza sato mzima, akala upande mmoja.
Gawa bure, akasema,
halafu tuuze habari za kila wanachofungua.
Akanigeuzia sato upande wa pili.
Ulinikwama.

Kila mtu anaijua methali ya ufa na ukuta.
Basi tembea mjini uangalie:
fundi wa ukuta ana nyumba, ana pikipiki.
Fundi wa ufa nani anamkumbuka?
Ukuta umesimama. Unaonekana umesimama wenyewe.

Gugu maji lilipofunga ziwa, wakaachiwa mbawakawa,
wadogo kama punje ya mtama,
wakalitafuna usiku na mchana.
Hakuna aliyewauliza wamesajiliwa wapi, nani mfadhili.
Nimewawaza sana wale wadudu.
Lakini mbawakawa hushiba vita vyake.
Mimi virusi siwali.
Mimi nala ugali, na unga umepanda.

Mwezi uliopita simu iliingiza elfu kumi na nne,
na mwalimu mmoja wa Kisesa akaleta dagaa, kilo moja,
safi, hawana mchanga.
Niliwaandika kwenye daftari, upande wa mapato.

Leo, saa tisa usiku, kimeingia kipya kutoka Sengerema.
Kimevaa jina la Ankara,
kinangoja mtu mwenye haraka akibofye.
Luku inasoma yuniti mbili nukta nne.
Nakifungua taratibu, kama mtu anayetoa mwiba wa samaki
kooni kwa mtoto,
nakipa namba, nakituma kwa mashine arobaini na moja.
Taa inazimika mwishoni mwishoni. Sijui zote zimepata.

Asubuhi Igogo mashine inatema barafu kama jana.
Simu inaita. Mama Nyanjige.
Ile ankara yako, anasema,
pale kwenye maelezo ya huduma
pako wazi bado.