Wekundu Chini ya Kucha

Bibi Makvala haulizwi kama anaamini.
Anaulizwa tu maganda ya vitunguu yako wapi,
naye huyavuta kutoka chini ya kitanda, gunia zima,
akiba ya tangu Krismasi.
Maji yanachemka. Mayai yanaingia meupe,
yanatoka mekundu kuliko aibu.

"Mwaka ule," anasema, na mwaka wenyewe hautaji,
"kanisa letu lilikuwa ghala la ngano la serikali.
Malaika wa ukutani walipakwa chokaa.
Tukaambiwa mambo yale yamekufa, yamezikwa."
Hapo hucheka, jino lake moja likijitokeza kama shahidi.
"Walichagua maneno vibaya."

Paa lilivuja. Ngano, ambayo haina siasa,
ikaota katika nyufa za sakafu, kijani, mbele ya madhabahu.
Mkuu wa ghala akaikanyaga.
Ikaota.

Mama yake alichovya mayai usiku,
dirisha limezibwa kwa blanketi,
kisha akamsugua mikono kwa siki, kwa majivu,
kwa mchanga wa mto Rioni,
maana Jumatatu shuleni vidole vilikaguliwa.
Wekundu ulitoka kiganjani, ukatoka viungoni,
chini ya kucha ukagoma.

Mwalimu Venera akapita kati ya madawati na rula yake.
"Nyoosha."
Akaushika mkono ule, akautazama muda mrefu,
na Makvala, kwa kuwa hakuthubutu kuinua macho,
aliona mikono ya mwalimu tu:
kucha zimekatwa hadi kwenye nyama,
na pembeni mwa kidole gumba
mstari mwekundu, mwembamba kama uzi wa kushonea.
"Safi," akasema mwalimu. "Anayefuata."

Leo Jumatatu tumepanda makaburini, mimi na kapu, yeye na fimbo.
Kwa baba yake, yai.
Kwa mama yake, yai, na divai kidogo juu ya nyasi
("hakuwa mnywaji, lakini leo atanisamehe").
Kisha kwa Domenti, kaka yake:
jiwe, picha, jina,
na chini yake koti moja la ngozi ya kondoo,
kwa sababu kutoka Kerch hakikurudi kitu,
na mama yao alitaka walau kuwe na cha kufukia.

Mimi ni mtu wa maabara. Kule Kutaisi napima damu za watu,
najua mwili ukishalala hufuata njia gani.
Kila mwaka nakaribia kusema.
Mwaka huu nilisema:
"Bibi, humu hamna mtu."

Hakugeuka. Aliviringisha yai juu ya jiwe,
polepole, kutoka jina hadi tarehe.
"Najua," akasema.
"Hata wale wanawake waliambiwa hivyo hivyo, alfajiri,
na manukato yao mikononi.
Unakumbuka walifanya nini?
Walikimbia. Kwa hofu na kwa furaha, vyote viwili."
Kisha, kama anayeniomba chumvi:
"Kristo amefufuka."

Upepo ulipita. Mbwa wa jirani alibweka mara moja, akaacha.
Alikuwa akingoja, na miaka yake tisini haina haraka.
"Amefufuka kweli," nikasema,
na sauti haikuwa ya heshima tu,
ingawa siwezi kuapa ilikuwa ya nini.

Jumanne, kazini, nilivua glavu ninawe.
Sabuni, spiriti, sabuni tena.
Chini ya kucha pamegoma.

Sikusugua zaidi.