Gari Lisemalo Kijapani

Gari nimelinunua,
Mkoani kuchukua;
mshahara wapungua,
miaka mitatu deni.

Ni dogo, si la fahari,
lakini mbele ya gari
pana kioo kizuri
kama tivii nyumbani.

Nitiapo ufunguo,
mwanamke, kwa kituo,
hunena kwenye kioo
maneno ya Kijapani.

Sijui anachosema.
Huenda ni neno jema,
ama "kuna mtu nyuma";
nami hujibu: "Amini."

Ramani yake ajabu,
Pemba haina hesabu:
nikiwa Chwale kwa babu,
yaniona baharini.

Mke wangu, Bi Riziki,
akasema: "Siafiki.
Macho hayagawanyiki
kiooni na njiani."

Nikacheka, nikasema:
"Kina na jicho la nyuma;
juzi paka wa Salama
kilimwona uwanjani."

Msimu wa karafuu.
Jua limepanda juu,
majamvi makuukuu
yametandwa ukingoni.

Simu nilounganisha
ghafla ikajionesha,
wimbo ikausitisha,
nifikapo Kangagani.

Ni mwenzangu, Bwana Ussi,
hana jambo la upesi;
nikagusa. Sikuhisi
gurudumu li jamvini.

Chini kukatatarika
kama bisi kupasuka,
harufu ikafumuka,
ikanijaa puani.

Nikafunga breki, papo.
Pale jamvini palipo,
kandambili mbili zipo,
za mtoto wa chuoni.

Nashuka, miguu uji,
nikaita wana-mji.
Kumbe kafuata maji
ya kunywa, kwa majirani.

Akaja na kopo lake,
nyuma yuko bibi yake,
kashika kiuno chake,
atazama mpirani.

Hakufoka, kauliza:
"Jua hili, ama giza?"
Sikuweza kumweleza
nilikuwa kiooni.

Nimelipa pishi sita
bila ya kuvuta vuta,
na bibi akaniita:
"Zako hizi, za nyumbani."

Ndizo nilizozifunga
kwa pindo moja la kanga;
zaning'inia, zapunga
mbele yangu, usukani.

Mke kacheka, kanena:
"Ni pambo jingine tena;
utalitazama sana,
ututie mtaroni."

Baba na lori la mbao
(halina hicho kioo)
aliwapungia hao
wapitao, na dukani.

Salamu ndefu ya Gando,
shingo kaitupa kando;
lori, kwa wake mwenendo,
likamlaza shambani.

Siwezi kukilaumu,
ni mimi nilo na hamu
kila mlio wa simu
niujue una nini.

Lakini yeye, pamoja
na kosa, mtu mmoja
alimwona anakuja:
uso wake, si ramani.

Mimi nilimwona Ussi:
jina, herufi nyeusi.
Na ndara, kwa wasiwasi,
naziota kitandani.

Siku hizi, nitiapo
ufunguo, mama yupo,
asema. Nangoja papo
amalize Kijapani.

Navua kofia yangu,
namfunika mwenzangu;
upara chini ya mbingu,
naliingiza njiani.

Jana, chini ya kofia,
kitu akaniambia.
Sikufunua. Ni njia
niliitupia mboni:

jamvi limetandwa tena,
na yule mdogo mwana
na kopo lake, kaona
gari, kakimbia ndani.