Lumbesa

Igoma, saa moja asubuhi. Ukungu wa Uporoto
haujaamua kama upande au ushuke.
Nina kishikwambi, koti la mvua
na dodoso la maswali mia na sita.
Mimi ni mdadisi. Nimetumwa kuuliza
nchi imepata nini mwaka huu.

Bi Rhoda Mwashilindi ananipa kigoda,
ananitia kiazi cha moto kiganjani,
na kabla sijauliza ananiuliza:
"Hilo Pato la Taifa, mwanangu, linakaa wapi?
Redioni wamesema limekua.
Mimi sijaliona likipita hapa."

Halikai mahali, Bi Rhoda. Ni hesabu.
Kila kilichozalishwa ndani ya mipaka,
kiazi, tofali, ndevu zilizonyolewa Mwanjelwa,
somo la mwalimu, safari ya basi la Kyela,
mwaka mzima, kwa bei yake, kikajumlishwa.

"Kwa hiyo kiazi changu kimo?"
Kimo.
"Na chipsi zake kule Buguruni?"
Zimo, ila kwa kukata:
tunatoa bei ya kiazi, ya mafuta, ya mkaa,
tunabakiza alichoongeza mkaangaji,
maana kiazi kimoja hakizaliwi mara mbili.
Akacheka. "Hapo mna akili."

Nje, Nsajigwa na wenzake wanajaza.
Gunia limefika mdomo, hawaachi.
Wanalishonea wavu, wanalivika kilemba,
mmoja anapanda juu, anakandamiza kwa magoti.
Dalali anapita na chaki: moja.
Nami, kwenye kisanduku cha idadi:
moja.
Bi Rhoda anakitazama kile kilemba
kama mtu anayemtazama mwanawe akipanda lori.

Swali la arobaini na mbili. Jana ulifanya kazi gani?
Alipalilia hadi jua la utosi.
Alimgeuza mama yake kitandani, ubavu huu, ubavu ule,
akamwosha, akamlisha uji kwa kijiko,
akamfundisha mjukuu kuhesabu kwa punje za maharage.
Alikulipa nani?
Kuku akaingia, akatuangalia, akatoka.

Palizi nimeiandika; lile ni shamba.
Uji wa mama hauna kisanduku.
Angeajiriwa na jirani amwoshe mama wa jirani,
na jirani amwoshe wake, kwa ujira ule ule,
nchi ingekua kwa mishahara miwili
na wale vikongwe wawe safi vile vile.

Mwezi uliopita lori la Ambwene lilikosa breki
kwenye mteremko wa Mlima Nyoka.
Winchi iliyolivuta, imo.
Gereji ya Uyole, imo.
Dripu, bandeji, kitanda cha hospitali,
mbao za msindano, misumari, vanishi ya seremala,
imo, imo, imo.
Utingo mwenyewe, aliyepiga mluzi
huku akishona vilemba vya magunia,
hayumo.

Sisemi kipimo kinadanganya.
Kipimajoto hakilaumiwi
kwa kutojua ni nani aliyemfunika mgonjwa blanketi.
Bila namba tungekisia hata njaa.
Lakini wakiitoa namba kisandukuni,
wakaizungusha kichwani na kutembea nayo barazani,
kumbuka kuwa ukoka nao husukwa kilemba.

"Sasa huyo wastani," akasema, akinisindikiza,
"ndiye yule anayekula sehemu yangu
akiwa amekaa katikati?"
Sikuwa na jibu lililoandaliwa na ofisi.
Nilisema tu kwamba wastani hana tumbo.
"Basi mimi ninalo," akasema.

Akanifungia viazi kwenye kipande cha kanga.
"Hivi vya njiani. Usiviandike."

Mvua ikatukuta Inyala.
Nilifungua kishikwambi, nikakifunga.
Hadi Uyole mkoba ulikuwa bado na uvuguvugu
ubavuni mwangu.