Mnakwenda kwa Nani?

Tulitoka Dodoma alfajiri ya Jumatano:
madumu matatu ya maji, unga wa uwele, mtungi mdogo wa gesi,
na Malogo wangu kavaa kofia ya kazi
ingawa kazi ilimwacha mwaka juzi.

Gari alilipata mnadani.
Watu walicheka: kiinua mgongo chote
kwa ambulensi iliyochoka!
Fundi wa Majengo akapima kwa mkono, akakata godoro
likalala palipolala machela.
Ndoano ya dripu sasa inashika chandarua.
Msalaba mwekundu tumeupaka rangi mara mbili;
jua likiwa kali, unarudi.

Haneti tukanunua vitunguu.
"Mna msiba?" muuzaji akauliza.
Hatuna.
"Basi harusi."
Hatuna.
"Sasa mnakwenda kwa nani?"
Malogo akahesabu chenji, akairudia kuihesabu,
akasema, "Kaskazini."
Mama yule akatuongezea kitunguu kimoja
kwa uso wa mtu anayempa pole mgonjwa.

Simlaumu. Kwetu safari ina mwenyewe:
unaitwa, unatumwa, unafiwa.
Kwenda tu, nani amekwenda tu?

Miaka ishirini na sita aliipita njia hii
usiku, mguu umekanyaga mafuta hadi mwisho,
nyuma yake mtu analia
au ameacha kulia.
Anaijua kwa mashimo. Mfunge kitambaa machoni, atakutajia:
hapa korongo lililokula springi,
hapa alizaliwa mtoto wa mwalimu, tukasimama dakika nne,
hapa sikusimama.

Karibu na Chemba akafunga breki katikati ya barabara.
"Pana mlima," akasema.
Nikautazama. Mlima wa kawaida, wa mawe na vichaka,
mbuzi wanne ubavuni.
"Kumbe siku zote hapa pana mlima!"
Tukakaa pale mpaka chai ikapoa kwenye chupa.

Bubu ulikuwa mchanga mtupu.
Tukapunguza upepo wa matairi, tukavuka kama mtu anayenyata,
wasichana wenye punda wakaacha kuchimba maji wakatushangaa.
Ng'ambo, baada ya Farkwa, barabara ikawa mistari miwili
na nyasi za katikati zikikwaruza tumbo la gari.
Siku mbili hatukupishana na mtu mwenye injini.
Nilipika mlenda mlangoni, miguu ikining'inia.
Malogo alijifunza kulala nyuma.
Usiku wa kwanza hakuweza; alisema
huku nyuma hakujui.

Kwa Mtoro, kijana alituuzia asali ya nyuki wadogo,
akibishana bei na mwenzake kwa Kisandawe,
maneno yakialika kama kuni kavu motoni.
Nikalamba kidole. Nikamlambisha mume wangu.
Nina miaka sitini na moja, nimeona haya kidogo.

Sanzawa, usiku wa manane, mlango ukagongwa.
Kabla sijafungua macho, Malogo yu pekupeku nje,
funguo mkononi, anauliza, "Yuko wapi? Ana hali gani?"
Mvulana akarudi nyuma hatua moja.
"Shikamoo. Naomba chaji."

Kimya.
Kisha nikasikia kicheko ambacho sikukisikia
tangu watoto wetu wakiwa watoto.
Simu ikachomekwa palipochomekwa king'ora.
Ikaja ya dada yake. Ikaja ya mwenyekiti.
Kulipokucha zilikuwa kumi na saba, kwa zamu,
na betri imekufa kabisa.

Basi kijiji kizima kikatusukuma.
Mama mmoja mjamzito akataka naye kusukuma, wakamkataza,
akatembea pembeni akiipiga bodi kwa kiganja kama ng'ombe mvivu.
Vumbi. Kelele. Ndala ya mtu imebaki njiani.
Malogo kwenye usukani, shingo nje ya dirisha,
akipaza sauti, "Polepole! Hatuna haraka!"
na gari likakohoa, likakataa,
wakacheka, wakalisukuma tena.