Kengele ya Saa Tisa

Usiku wa pili mfululizo, saa tisa na dakika kumi,
nimemkuta Bwana Hribar sakafuni,
shavu juu ya kigae, kiatu kimoja mguuni.

Sikumwinua.
Huruma yenye pupa huvunja mara ya pili.
Nilipiga magoti. Unanisikia, Vinko? Wapi panauma?
Nikamulika mboni, nikapapasa nyonga,
nikapima shinikizo la damu, nikamwita Zdenka;
tukamnyanyua wawili, polepole, kama kioo cha dirisha.

Fomu inauliza: sababu ya kuanguka?
Kitanda kilishushwa. Taa iliwaka. Sakafu kavu.
Mkeka wa kengele ulikuwa mahali pake,
alipoukanyaga ulilia.
Nikaandika: haijulikani.

Asubuhi bintiye alifika na theluji mabegani.
Tulikuwa tunaijaribu kengele. Akacheka,
kisha hakucheka tena.
"Hiyo ndiyo sauti ya kibanda chake cha reli.
Miaka thelathini na minne, ikilia hivyo
baba hutoka mbio kugeuza njia
kabla treni ya mizigo haijafika."

Basi.
Mzee alikuwa akienda msalani, taratibu zake.
Mbio tulimpa sisi.

Leo nimeizima. Saa tisa kasoro robo niko kando yake
na soksi zenye mpira nyayoni.
Namshika kiwiko, twende, turudi.
Anasimama dirishani, anachungulia giza la Maribor.

"Imepita?"
"Imepita."
"Kwa wakati?"
"Imechelewa dakika mbili."

Anaguna, hajaridhika,
na kwa hasira hiyo ndogo analala.