Chumvi ya Kabugho

Dada amenitumia chumvi kwa kijana wa bodaboda,
kilo moja ndani ya kavera jeusi,
na kijikaratasi: Ipime. Wanunuzi wa Bwera
wanailamba, wanatema, wanashusha bei.

Kabugho, huku Kasese sipimi chumvi.
Kazi yangu ni kukaa gizani na mche wa mharage
uliolazwa juu ya kioo, mzizi wake mweupe
mwembamba kuliko uzi wa kushonea gunia,
nikisubiri kitu kiubishie hodi.

Ila nilichota punje zako tatu,
nikaziyeyusha, nikadondosha tone moja
nchani tu mwa mzizi,
nikaweka jicho kwenye hadubini.

Kalsiamu ilikuwa imefungiwa ghalani,
kila seli na ghala lake, kila ghala na bawabu.
Tone lilipogusa, malango yakaachia:
seli ya kwanza ikafurika, ikawaka kijani,
ya pili ikasikia zogo la jirani, ikafungua,
ya tatu, ya kumi, nikapoteza hesabu,
mwanga ukaupanda mzizi kama fununu
inavyopanda kutoka ziwani Katwe hadi sokoni
kabla mwenye habari hajavaa viatu.

Dakika tatu, urefu wa kidole.
Jani lilikuwa mbali, halijaonja chumvi,
lakini habari lilikuwa nazo.

Huko chini vibarua walikwisha kuamka
wakiisukuma sodiamu nje, ndoo kwa ndoo.
Kisha giza. Kila seli ikaizoa kalsiamu yake
ikairudisha ghalani hadi chembe ya mwisho,
maana kengele isiyonyamaza
nayo huua.

Umeme ukakatika. Nikabaki na harufu ya jenereta
na miguu ya Mama.

Unaikumbuka? Tangu alfajiri ndani ya kidimbwi,
maji mekundu yakimfika magotini,
jioni akikaa kizingitini kujikuna magamba.
Haiumi, alisema. Nimeizoea.
Masika akimpikia, mimi nikisoma, wewe mgongoni.
Nani aliipandisha habari ya unyayo ule
hadi kwenye sahani zetu?
Hakuna lango lililoachia.
Tulijua siku daktari wa Kagando
alipotuuliza kwa nini tumekileta kidole
kikiwa kimekwisha kuwa cheusi.

Basi waambie wa Bwera chumvi yako ni kali.
Shahidi ninaye: mharage, siku nane tangu uote,
ulipiga ukelele mwili mzima kwa punje tatu.

Na wewe usinizoee kitu.
Kikikuwasha, sema kikiwa bado kinawasha.

Kijana wa bodaboda anarudi leo.
Kwenye kavera lako nimetia buti za mpira,
namba thelathini na nane.
Zikikubana vidoleni, nipigie
hata usiku.